Mrefu si Mnono: Rekodi za Farasi na Herufi Zilizozileta

Farasi mkubwa kuliko wote walioandikwa katika vitabu vya rekodi alizaliwa Uingereza mwaka 1846, huko Toddington Mills, Bedfordshire. Alikuwa farasi wa kukokota wa aina ya Shire, amehasiwa, jina lake Sampson. Alipotimiza miaka minne alipimwa kutoka ardhini hadi kigongo cha mabega, akakutwa na sentimita 219, na uzito wake ukakadiriwa kuwa kilo 1,524. Jina la Sampson likaonekana dogo. Akapewa jingine, Mammoth. Mfugaji wa Laikipia ambaye dume lake la Boran limefika kilo 600 hutembea kifua mbele. Sampson peke yake angewashinda kwa mizani madume wawili wa namna hiyo, na bado angebaki na nusu ya wa tatu.

Rekodi za namna hii hupendwa kwa sababu hazihitaji maelezo. Lakini kwa zaidi ya miaka kumi sasa wataalamu wa vinasaba wamekuwa wakizipitia upya, wakiuliza ni kitu gani hasa kinachomfanya farasi mmoja avuke mita mbili na mwingine aishie magotini mwa mtu. Majibu yao yanazua jambo ambalo vitabu vya rekodi havilitaji kabisa. Watu wanaoishi kwa nyama ya farasi, na ambao mababu zao waliishi nayo kwa maelfu ya miaka, hawana haja kubwa na farasi mrefu. Rekodi yao wao iko mbavuni.

Warefu, wazito, na mmoja wa kilo 26

Nyuma ya Sampson foleni ni fupi. Brooklyn Supreme, farasi dume wa aina ya Belgian aliyeishi Iowa, Marekani, kati ya 1928 na 1948, alifikia kilo 1,451 na urefu wa sentimita 198. Kiatu chake kimoja kilihitaji kipande cha chuma cha sentimita 76. Big Jake, naye Belgian, alipimwa bila viatu huko Wisconsin mwaka 2010 akapatikana na sentimita 210.2, na alikufa mwaka 2021 akiwa na miaka 20.

Mwisho wa pili wa foleni yuko Thumbelina wa Missouri, aliyepimwa mwaka 2006 akawa na sentimita 44.5. Uzito wake ulikuwa kilo 26 hivi. Gawanya uzito wa Sampson kwa wake utapata 58 na ushei. Ni mnyama yuleyule, mwenye kromosomu zilezile 64.

Thumbelina, hata hivyo, ni rekodi yenye doa. Alikuwa mbilikimo aliyezaliwa miongoni mwa farasi ambao tayari ni wafupi. Katika farasi wadogo wa Marekani wanaoitwa Miniature, sehemu ya ubilikimo huo imefuatiliwa hadi kwenye jeni iitwayo ACAN, ambayo kazi yake ni kujenga gegedu. Mtoto akirithi nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, mifupa ya miguu haikui sawasawa, taya hukaa upande, na baadhi ya nakala hizo huua kijusi kabla hakijazaliwa. Ufupi wa farasi pony mwenye afya unatoka mahali pengine kabisa, na huko ndiko hadithi inakonoga.

Sehemu nne tu

Mwaka 2009 jenomu ya farasi ilichapishwa kwa mara ya kwanza ikiwa imesomwa kwa kina. Aliyetoa damu ni Twilight, farasi jike wa aina ya Thoroughbred kutoka Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani: herufi za DNA zipatazo bilioni 2.7. Miaka mitatu baadaye watafiti wa Cornell walichagua farasi 48 wa aina 16, kuanzia wale wadogo kabisa hadi majitu ya kukokota, wakawapima mwili mzima, kisha wakapekua DNA yao. Walipata sehemu nne, moja kwenye kila kromosomu kati ya ya 3, ya 6, ya 9 na ya 11. Sehemu hizo nne kwa pamoja zilieleza asilimia 83 ya tofauti ya ukubwa miongoni mwa farasi hao.

Ili kuona ajabu ya tarakimu hiyo, tujitazame wenyewe. Mwaka 2022 ulichapishwa uchunguzi wa kimo cha binadamu uliotumia taarifa za watu milioni 5.4. Ulipata vipande vya DNA 12,111 vyenye mkono katika urefu wetu, na hata vyote vikiwekwa pamoja, kwa watu wenye asili ya Ulaya vilieleza asilimia 40 hivi ya tofauti. Kwetu sisi kimo ni mchango wa maelfu, kila mmoja akitoa senti yake. Kwa farasi, matajiri wanne wamelipa karibu harusi nzima.

Sababu ni sisi. Kwa karne kadhaa wafugaji wa Ulaya walitenga farasi wao kwa vitabu vya nasaba, wakawapandisha ndugu kwa ndugu, huku wakitaka kwa nguvu zote mrefu zaidi au mfupi zaidi. Uchaguzi mkali wa namna hiyo huvuta juu herufi zenye athari kubwa na kuziacha ndogondogo nyuma. Lakini asilimia 83 inahusu tofauti kati ya aina na aina, tena kwa farasi waliochaguliwa kwa makusudi kutoka pande zote mbili za kipimo. Ukiingia ndani ya aina moja, kwa mfano Shire dhidi ya Shire, alama hizo hupungukiwa nguvu, na lishe, umri wa mama na malisho huanza kusema. Anayemwuzia mfugaji kipimo cha DNA akimwahidi asilimia 83 zizini mwake anamdanganya.

Sehemu ya kromosomu ya 3 inastahili kutazamwa kwa karibu. Hapo pana jeni mbili zilizo jirani, NCAPG na LCORL, na mbele kidogo ya LCORL pana herufi moja ambayo kwa farasi wengine ni T na kwa wengine ni C. Farasi wa kukokota kwa wingi mno wana C. Watafiti wa Ujerumani walipopima utendaji wa jeni yenyewe waliona kwamba wenye C huitumia LCORL kidogo zaidi, na ndio walio wakubwa. Maana yake jeni hii inafanya kazi kama breki ya kukua. Ukiilegeza, mwili unaendelea.

Ikiwa kuna taji la alama ya ukubwa inayojirudia kwa wanyama wengi kuliko zote, mimi ningelivisha eneo hili. Kwa ng'ombe weusi wa Japani, wale wanaotoa nyama ghali yenye michirizi ya mafuta, badiliko ndani ya NCAPG linaongeza uzito wa nyama baada ya kuchinjwa. Kwa mbwa eneo hilohilo hutenganisha wakubwa na wadogo. Kwa binadamu limo kwenye orodha ya kimo. Ndiyo maana kila anayetafuta alama za nyama kwa farasi wa kienyeji huanzia hapa: kwa ng'ombe eneo hili limeshaonyesha kuwa linafika hadi buchani.

Kwa ufupi wa kweli, tunahamia kromosomu ya 6, kwenye jeni ya HMGA2. Farasi pony wa visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, haruhusiwi na kitabu chake cha nasaba kuzidi sentimita 107. Mwaka 2015 watafiti kutoka Uswisi walionyesha kwamba wengi wao wana badiliko la herufi moja tu, G ikawa A, ambalo hupunguza kimo kwa wastani wa sentimita 9.5 kwa aliyerithi nakala moja. Badiliko hilo limekutwa pia kwa aina nyingine fupi. Hapo ndipo tofauti na Thumbelina inapoonekana: huyu wa Shetland ana uwiano, ana miguu imara, na katika karne ya 19 alishushwa migodini Uingereza kuvuta mabehewa ya makaa.

China nayo ina farasi wake wafupi, wa Debao katika jimbo la Guangxi, ambao wengi hawafiki sentimita 106. Wachina walipochunguza farasi wao wa kusini-magharibi walikutana na HMGA2 tena, lakini mwaka 2022 wakaongeza nyingine, TBX3, ambako badiliko la herufi moja nje ya jeni, kwenye swichi yake, linahusishwa na mwili mkubwa zaidi. Kwa hiyo orodha ya wanne imeanza kuongezeka, na aliyeiongeza ni farasi wa kienyeji wa milimani ambaye hakuwahi kuwa na kitabu cha nasaba cha Kiingereza.

Vidole juu ya mafuta

Sasa twende kwa wanaomla.

Msomaji wa mwambao huenda ameshajiuliza kuhusu uhalali wa nyama hii. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, yanairuhusu nyama ya farasi kwa kutegemea hadithi sahihi, miongoni mwazo ile ya siku ya Khaybar ambapo nyama ya punda wa kufugwa ilikatazwa na ya farasi ikaachwa. Kilichotukosesha kitoweo hiki hakikuwa sheria, kilikuwa mbung'o na ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huua farasi kwa siku chache na umekuwa ukizuia ufugaji wao sehemu kubwa ya bara hili. Ethiopia, juu nyandani kwenye baridi, ndiyo yenye farasi wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na huko ni mnyama wa kupanda na kubeba. Wakristo wa Ulaya nao walipigwa marufuku na Papa Gregory III mwaka 732, isipokuwa Waisilandi, ambao walipokubali Ukristo mwaka 1000 waliomba waachiwe farasi wao chunguni, na mwanzoni wakakubaliwa.

Wanaoongoza duniani kwa uzalishaji wa nyama hii ni China na Kazakhstan, lakini China ina watu zaidi ya bilioni moja wa kugawana. Kwa hesabu ya kila kichwa, utaikuta Kazakhstan na Mongolia. Na Kazakhstan ndiko kuliko na rekodi ninayoipenda kuliko ya Sampson, ingawa hakuna kitabu kilichoiandika.

Novemba inapoisha na baridi kukaza, familia nyingi za Kikazakhi huchinja farasi wa akiba ya majira ya baridi. Desturi hiyo ni sogym. Mbavu hukatwa pamoja na tabaka la nyama na mafuta lililozilalia, zikapakwa chumvi, pilipili manga na vitunguu saumu, zikaachwa ziloe, kisha zikasukumwa ndani ya utumbo wa farasi yuleyule na kufungwa ncha mbili. Hiyo ndiyo qazy, na mgeni wa heshima hukatiwa vipande vyake juu ya sinia. Mafuta yaliyo chini ya manyoya ya shingo ni sahani nyingine, nyama ya paja la nyuma nyingine. Lakini farasi hupewa daraja kwa zile mbavu. Baada ya kuchinjwa, mwenyeji huweka vidole pembeni ya mafuta na kuhesabu: vidole viwili, vitatu, vinne. Farasi wa shubiri nzima ni wa kusimuliwa.

Farasi anayeleta matokeo hayo si mrefu. Jabe, aina ya Kikazakhi inayofugwa zaidi kwa nyama, ana sentimita 140 na ushei. Ni mpana, mfupi wa miguu, na kifua chake kinaning'inia karibu na ardhi. Kutoka kwake wafugaji wa eneo la Aktobe walichagua kwa miongo kadhaa hadi wakapata aina nzito zaidi, Mugalzhar, iliyotambuliwa rasmi mwaka 1998, na hata huyo haendi kushindana na Belgian wa Wisconsin.

Sababu iko chini ya theluji. Farasi hawa hawalishwi zizini wakati wa baridi. Hujitafutia, wakichimba theluji kwa kwato hadi nyasi kavu zilizozikwa zionekane, na kwa desturi farasi hutangulizwa wapasue, kisha ng'ombe na kondoo hufuata nyuma yao kula kilichobaki. Theluji ikiyeyuka kidogo halafu ikaganda tena, uso wa nyika hugeuka kioo kisichopasuka, na msiba huo, ambao Wakazakhi huuita jut, umewahi kufuta mifugo ya maeneo mazima. Katika hali hiyo kila kilo ya mwili ni deni la kulipwa kila siku kwa kwato. Farasi wa tani moja atakufa Februari akiwa na herufi zake zote nzuri za C. Anayefika majira ya kuchipua ni yule aliyekula upesi vuli, akaweka akiba mbavuni, na akajua kuitumia taratibu.

Ndiyo sababu ninasema kutafuta nyama kwa alama za urefu ni kushika njia isiyo yake. Zinahusiana, ndiyo: mwili mkubwa una nyama nyingi kwa hesabu ya kilo. Ila kinachouzwa ghali sokoni mjini Almaty ni mafuta yaliyokaa mahali maalumu, yaliyojengwa kwa miezi michache, kwa nyasi tu. Hiyo ni tabia ya umeng'enyaji, ya homoni, ya jinsi mwili unavyosoma majira, na vipande vyake vya DNA ni vingi na vidogo. Ni tabia inayofanana zaidi na kimo cha binadamu.

Aliyezoea baridi haraka kuliko wote

Ushahidi mzuri uko Yakutia, kaskazini-mashariki mwa Urusi. Kijiji cha Oymyakon kilirekodi nyuzi 67.7 chini ya sifuri mwaka 1933, na farasi wa huko hulala nje mwaka mzima. Manyoya yao ya baridi hufika sentimita 8 na zaidi. Watoto wao huchinjwa wakiwa na miezi sita au saba, baridi ikianza, na nyama huliwa hata ikiwa imeganda, imekatwa vipande vyembamba kama karatasi.

Ilidhaniwa farasi hawa ni masalia ya farasi-mwitu wa kale wa Siberia waliokuwa na muda mrefu wa kuzoea. Mwaka 2015 DNA ilionyesha sivyo. Farasi-mwitu wale walitoweka. Hawa wa leo waliletwa na Wayakuti walipohamia kaskazini kati ya karne ya 13 na ya 15. Miaka mia nane, vizazi mia moja hivi. Katika kundi la wanyama wakubwa ni miongoni mwa mazoea ya haraka kabisa yaliyowahi kusomwa kwenye DNA. Na mabadiliko mengi hayakuwa ndani ya jeni zenyewe. Yalikuwa kwenye sehemu zinazoamua jeni ifanye kazi lini na kwa kiasi gani: za nywele, za mafuta, za kubana mishipa ya damu ya ngozi. Mojawapo, PRKG1, ilikutwa pia imechaguliwa kwa wenyeji wa Siberia, yaani watu, waliokumbana na baridi ileile.

Tukigeukia ukongwe, mfupa wa farasi uliofukuliwa Thistle Creek, Yukon, Kanada, una miaka 700,000 hivi. Uliposomwa mwaka 2013 ulikuwa jenomu kongwe kuliko zote za kiumbe chochote, hadi mamothi wa Siberia walipoupokonya taji mwaka 2021.

Mfupa mmoja ni kitu kidogo ukilinganisha na Botai, kijiji cha kale kaskazini mwa Kazakhstan cha mwaka 3500 hivi kabla ya Kristo. Huko mifupa iliyochimbwa ni laki kadhaa, na zaidi ya asilimia 90 ni ya farasi. Walikula farasi asubuhi, mchana na jioni. Vipande vya vyungu vyao vimekutwa na mabaki ya mafuta ya nyama na ya maziwa ya farasi. Kwa muda mrefu iliaminiwa kuwa hapo ndipo mababu wa farasi wote wa leo walipofugwa. Mwaka 2018 DNA ikapindua meza: farasi wa Botai ni jamaa wa Przewalski, yule wa Mongolia mwenye manyoya ya shingo yaliyosimama. Farasi wetu wa leo, kama ilivyothibitishwa mwaka 2021 kwa jenomu 273 za kale, walitoka nyika za chini za mito Volga na Don, wakaenea kwa kasi kuanzia mwaka 2000 hivi kabla ya Kristo.

Na herufi zilizochaguliwa mapema kabisa kwa farasi hao wa Volga? GSDMC, inayohusishwa na uimara wa mgongo, na ZFPM1, inayohusishwa na utulivu wa tabia. Mtu aliyeshinda alikuwa anatafuta cha kupanda. Watu wa Botai, waliokuwa wanatafuta cha kula, hawakuacha kizazi cha farasi wa kufugwa.

Misuli na bei yake

Jeni maarufu kuliko zote za farasi ni ya misuli: mayostatini, kwa kifupi MSTN. Kazi yake ni kuuambia mwili misuli imetosha. Iligunduliwa kwa panya mwaka 1997, na mwaka huohuo ikajulikana kuwa ng'ombe wa Belgian Blue, wale walioumuka makalio, wana nakala mbovu yake. Kwa farasi ilipata umaarufu mwaka 2010, pale timu ya Emmeline Hill wa University College Dublin, Ayalandi, ilipoonyesha kwamba herufi moja hutenganisha farasi wa mbio fupi, wenye C mbili, na wa mbio ndefu, wenye T mbili. Wa C mbili hujaza misuli mapema. Kufikia miaka miwili ana mwili mzito zaidi kwa kimo kilekile. Uchunguzi wa mwaka 2012 ulilirudisha toleo hilo la C la Thoroughbred miaka 300 nyuma, hadi kwa farasi jike mmoja wa Uingereza. Farasi wengi wa kienyeji duniani wamebaki na T, herufi ya stahamala.

Lakini bingwa wa misuli hakuhitaji MSTN. Aliitwa Impressive, farasi wa Quarter Horse aliyezaliwa Marekani mwaka 1969 na kutwaa ubingwa wa dunia wa maonyesho mwaka 1974. Mwili wake ulikuwa mabonde na milima ya misuli, na kila mfugaji alitaka mbegu yake. Uzao wake ukafika makumi ya maelfu. Kisha farasi wa ukoo huo wakaanza kutetemeka, kope la tatu likafunika jicho, wengine wakaanguka na kufa, hasa baada ya kula lusini au molasi, vyakula vyenye potasiamu nyingi. Mwaka 1992 chanzo kikapatikana: badiliko kwenye jeni ya SCN4A linaloacha mlango wa sodiamu wa misuli ukivuja, hivyo misuli haitulii kabisa. Unene uliowapa waamuzi raha huenda ulikuwa mazoezi yasiyokoma ya ugonjwa. Tangu watoto waliozaliwa 2007, chama cha Quarter Horse hakiandikishi mwenye nakala mbili za badiliko hilo.

Farasi wa kukokota wa Ulaya, ambao leo ndio wanaofugwa zaidi kwa nyama upande huo, wana deni lao. Mwaka 2008 lilipatikana badiliko la jeni ya GYS1, ambalo hulifanya jiko la kuweka wanga wa akiba kwenye misuli liwake bila kuzimwa. Farasi anayebeba badiliko hilo, akilishwa nafaka na kukaa bila kazi siku mbili kisha akafanyishwa kazi, hukakamaa, hutokwa na jasho, na mkojo wake huwa na rangi ya kahawa. Katika sampuli za farasi wa kukokota wa Ubelgiji zaidi ya tisa kati ya kumi walikuwa nalo, na kwa Comtois wa Ufaransa wanane kati ya kumi. Sidhani idadi kama hiyo ilikuja kwa bahati mbaya. Farasi anayeweka akiba kupita kiasi, akifanya kazi kila siku na kula majani duni, alikuwa farasi wa kutamanika. Tatizo lilianza trekta lilipomstaafisha.

Waliookolewa na kisu

Ufaransa iliruhusu rasmi biashara ya nyama ya farasi mwaka 1866, na mabucha yake yakatambulika kwa kichwa cha farasi cha rangi ya dhahabu juu ya mlango. Mashamba yalipoingia matrekta baada ya Vita Kuu ya Pili, farasi wa kukokota hawakuwa na kazi tena. Aina tisa za Kifaransa, zikiwamo Breton, Comtois na Ardennes, zilivuka miongo hiyo kwa kiasi kikubwa kwa sababu mtu alikuwa tayari kununua mtoto wa farasi kwa nyama. Wapenzi wa wanyama hawapendi kulisikia hili, na mabucha yenyewe sasa yamebaki machache.

Italia imelifanya jambo hilo kuwa somo. Farasi wao wa kukokota, anayeitwa kwa kirefu Cavallo Agricolo Italiano da Tiro Pesante Rapido, hukaguliwa akiwa na miezi sita hivi. Mtaalamu husimama pembeni, akatoa alama kwa unono, kwa upana wa mbele na wa nyuma, kwa wepesi wa kichwa, na alama hizo hukokotolewa pamoja na nasaba kupata thamani ya kurithisha. Unono huo umeonekana kurithika kwa kiasi cha kutosha kuleta maendeleo. Ni jicho la mtu na daftari la ukoo, na hadi sasa vimewafikisha mbali kuliko herufi yoyote moja.

Alama za DNA zenyewe zilipata siku yao kubwa kwa njia ambayo hakuna mfugaji aliyeitaka. Januari 2013 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ayalandi ilitangaza kuwa ilipima baga 27 za ng'ombe kutoka maduka makubwa, na 10 zilikuwa na DNA ya farasi. Katika moja, farasi alikuwa asilimia 29 ya nyama. Ulaya nzima ikachafuka. Kosa halikuwa farasi, lilikuwa lebo.

Rekodi mpya kabisa imetoka Argentina. Mwishoni mwa 2024 kampuni ya Kheiron ilitangaza kuzaliwa kwa watoto watano wa farasi waliohaririwa jeni, wa kwanza duniani, wakitokana na seli za Polo Pureza, farasi jike mashuhuri wa mchezo wa polo. Jeni iliyoguswa ni MSTN, kwa lengo la mbio za ghafla uwanjani. Chama cha Polo cha Argentina kimesema hakitawaruhusu kwenye mashindano yake, na wafugaji wa nchi hiyo wamelalamika kwamba kazi ya vizazi inaondolewa mikononi mwao na maabara.

Waliowatengeneza wanajibu kwamba herufi waliyoweka tayari ipo kwa farasi wengine, kwa hiyo hawakubuni kitu. Hoja hiyo ina uzito kidogo. Ila hata Impressive alikuwa wa asili kabisa.